Vifaru vya mzee vinapasuka na minyororo inakula magurudumu: je, ni ugonjwa wa kuambukiza?

*“Fundi, salamu. Baba yangu alifariki mwaka jana akaniachia kabati la mbao lenye vifaru vya vita vya mfano arobaini na ushei. Vingi ni vya plastiki, aliviunga mwenyewe kwa gundi na kuvipaka rangi, na chini ya tumbo la kila kimoja ameandika tarehe kwa penseli. Vichache ni vya chuma, vya kununua tayari. Nilipoanza kuvifuta vumbi nimekuta mambo matatu. Kwanza, kwenye vifaru kadhaa vya plastiki ile minyororo ya mpira imeng’ang’ania magurudumu, na nilipoibandua mmoja nikakuta plastiki imelika kana kwamba imemwagiwa tindikali. Pili, vifaru viwili vya chuma vimejaa nyufa, na kimoja kimevimba hadi mnara wake hauzunguki tena. Tatu, kuna kimoja kidogo, kizito kuliko umbo lake, kimeota unga mweupe, na hicho ndicho mwanangu wa miaka minne anapenda kukichezea. Jamaa mmoja kaniambia vya chuma vina ugonjwa na vitaambukiza vingine, nivitupe upesi. Mwingine anasema nivipige rangi upya niviuze. Nifanyeje?”*

Pole sana kwa kufiwa na mzee. Nitayajibu yote, ila nianze na hilo la tatu kwa sababu ndilo pekee lisilosubiri. Kichukue hicho kifaru kidogo kizito mikononi mwa mtoto sasa hivi, kitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, mnawe mikono kwa sabuni wewe na yeye, halafu urudi tuendelee.

Haya. Uzito usiolingana na umbo pamoja na unga mweupe ni dalili za risasi, yaani yale madini yenyewe, au aloi yenye risasi nyingi. Risasi ina uzito wa zaidi ya mara 11 wa maji ya ujazo uleule, wakati aloi ya zinki inayotumika kwenye vifaru vingi vya chuma ni kati ya mara 6 na 7, kwa hiyo mkono wako haukukosea. Mifano midogo ya kumimina kwa risasi imetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya watoto na wakusanyaji, tangu enzi ambapo hakuna aliyejali mtoto akiitia mdomoni.

Unga huo mweupe si ukungu wala chumvi ya mikono. Ni kaboneti ya risasi, na aliyeuzalisha ni kabati lenyewe. Mbao, hasa mwaloni na zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi ileile iliyo kwenye siki. Ni kidogo mno, pua yako haitaunusa, lakini ndani ya kabati lililofungwa miaka ishirini mvuke huo hauna pa kwenda. Unaishambulia risasi, kisha hewa ukaa na unyevu vinakamilisha kazi kwa kuigeuza kuwa unga. Ubaya wake ni kwamba katika hatua hiyo ya mwisho asidi inaachiliwa tena na kurudi kuuma sehemu nyingine. Ndiyo maana kifaru cha risasi kinaweza kukaa miaka mingi kizima, kikianza kuota unga hakiachi.

Unga huo ni sumu, na kwa mtoto wa miaka minne ambaye vidole vyake vinashinda mdomoni ni sumu kweli. Usiupulize, usiusugue kwa brashi kavu, usiuguse kwa msasa. Pale mahali kilipokuwa kinakaa pafute kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kisha kitambaa ukitupe. Na mtoto mpeleke kwa daktari wiki hii, umwambie wazi kwamba amekuwa akichezea kitu cha risasi kilichooza, uombe damu yake ipimwe kiwango cha risasi. Asionekane mzima ukaridhika: mtoto anaweza kuwa na risasi mwilini bila dalili hata moja ya nje. Pengine hana kitu, na mimi natumaini hivyo, lakini hilo linajulikana kwa kipimo, si kwa kumtazama.

Sasa tuje kwa hivi viwili vyenye nyufa, na kwa huyo jamaa yako wa kuambukiza.

Ameusikia ugonjwa wenyewe, ila ameuelewa vibaya. Wakusanyaji wengi huuita tauni ya zinki, na jina hilo ndilo lililoleta uvumi. Hakuna tauni. Kifaru cha zinki hakimwambukizi jirani yake, hata vikae vimegusana miaka hamsini. Kama viwili vyako vimepasuka na cha tatu kando yao ni kizima, ni kwa sababu hivyo viwili vilizaliwa na kasoro na cha tatu hakikuzaliwa nayo.

Kasoro hiyo iko hivi. Vifaru vya kununua tayari vilimiminwa kwa aloi ya zinki yenye alumini kidogo. Aloi hii ikiwa safi hudumu vizuri sana. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi iliyopewa jina Zamak, ambalo ni herufi za kwanza za majina ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba, na siri yake kubwa ilikuwa usafi: zinki ya asilimia 99.99. Ikichafuliwa na risasi au bati, hata kwa kiasi cha kudonoa, mambo huharibika. Ukiitazama zinki kwa darubini utaona imejengwa kwa punje, mithili ya ukuta wa matofali, na uchafu hupenda kujipanga pale kwenye maungio ya matofali. Unyevu ukiingia huko, maungio yanaanza kuliwa. Kinachobaki baada ya kuliwa kinachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo kifaru kinavimba kutokea ndani. Rangi inatoa malengelenge, mnara unabana, nyufa zinatambaa, na mwisho kipande kinamomonyoka mkononi kama biskuti.

Kiwandani uchafu huo uliingia kirahisi mno: mtu alirudisha mabaki ya jana kwenye chungu, kumbe kuna kipande cha risasi kimechanganyika. Ndiyo sababu bidhaa za kiwanda kilekile, hata za mwaka mmoja, moja huoza na nyingine haiozi. Vifaru vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vina sifa mbaya zaidi, lakini hata vya miaka ya karibuni vinakutwa.

Dawa hakuna. Nasema hivi nikiwa nimejaribu. Zamani nilikuwa na kifaru cha chuma chenye ufa mmoja mwembamba kama unywele ubavuni. Nikaujaza gundi ya epoksi, nikausugua ukapotea, nikakipiga rangi nzuri ya kijani kibichi, nikajisifu kwa kila aliyenitembelea. Haikupita miaka miwili nikasikia kitu kimedondoka rafuni usiku: mzinga ulikuwa umekatika wenyewe, na ndani chuma kilikuwa cha kijivu, chenye chembechembe, mfano wa mkate uliokauka. Rangi haikuzuia lolote, kwa kuwa ugonjwa haukutoka nje. Ninachoweza kukushauri ni kupunguza mwendo wake: mahali pakavu, pasipo na joto, hali isiyobadilikabadilika. Usikilazimishe kile mnara kuzunguka. Vipige picha pande zote vikiwa bado vina umbo. Usivitupe kwa hofu, na usimuuzie mtu bila kumwonyesha nyufa.

Habari njema iko kwa vile vingine vya chuma. Ikiwa vina umri wa miaka thelathini au arobaini na havina hata ufa, yaelekea sana chuma chake kilikuwa safi.

Nimefika kwenye minyororo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye vifaru vingi vya kuokoa.

Kwanza, hiyo unayoiita mpira kwa kawaida si mpira. Ni vinili, ndugu wa yale mabomba ya maji ya plastiki. Vinili kwa asili yake ni ngumu kama bomba. Ili ipinde hutiwa kilainishi, majimaji ya mafuta yanayojipenyeza katikati ya nyuzi zake na kuziachia zitelezeane. Neno la kushika hapo ni “kujipenyeza”: kilainishi hakikufungwa na vinili, kimepanga tu humo ndani. Taratibu kinatoka. Kikitokea hewani, mnyororo unakakamaa na kuwa mwembamba. Kikikutana na kitu kinachokipenda, kinahamia. Na plastiki ngumu ambayo mzee aliunga vifaru vyake, polistirini, inakipenda mno: inakinywa, inalainika, na pale mnyororo unapobana inabonyea hadi inakuwa tope. Tindikali haihusiki. Ni plastiki moja inailainisha nyingine, polepole, bila mtu kugusa.

Utauliza kwa nini viwanda vilichagua kitu cha namna hiyo. Jibu liko kwenye historia ya mchezo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Panther cha plastiki chenye mota. Ukubwa wake haukuchaguliwa kwa hesabu yoyote ya kitaalamu. Ulichaguliwa ili betri zienee tumboni. Baadaye walipotaka kutengeneza vingine vya kulingana nacho walikipima, wakakuta ni kama 1/35 ya kile halisi, na hadi leo uwiano huo wa ajabu ndio unaopendwa zaidi na waunda vifaru duniani. Kifaru chenye mota sharti mnyororo wake upinde na uzunguke, kwa hiyo ukawa mkanda laini. Mota zikaja kuondolewa, mkanda ukabaki.

Mezani kwangu sasa hivi kuna mfano wa T-34, kifaru cha Kisovieti, ulioletwa ukiwa na hali kama ya kwako. Ina magurudumu matano makubwa kila upande. Kwenye T-34 mnyororo wa juu haupiti kwenye vigurudumu vidogo vya kuubeba kama ulivyo kwa Sherman, kifaru cha Marekani, bali unalala moja kwa moja juu ya magurudumu makubwa. Basi kila gurudumu limeumwa mara mbili, chini na juu, na ukilitoa na kulitazama kwa kioo cha kukuzia unaona alama za meno ya mnyororo zimejichora kama unyayo kwenye udongo mbichi. Kando ya alama plastiki inang’aa kama ina jasho. Lile gurudumu la mbele, ambalo mnyororo ulikuwa haubani sana, limetoka na mkwaruzo tu. Hapo unapata somo: kinachoamua ni mgusano na mkazo. Rangi husaidia kidogo, kwa sababu gurudumu lililopakwa rangi nene ukingoni huumwa taratibu kuliko la plastiki tupu, lakini usiiamini kwa miaka mingi.

Namna ya kuitoa ni hii. Usivute, maana ukivuta, plastiki iliyolainika inafuata mnyororo, na mhimili wa gurudumu unavunjika kabla mnyororo haujaachia. Tafuta kwanza pale ncha mbili za mnyororo zilipounganishwa, mara nyingi kwa vidoto vilivyoyeyushwa kwa bisibisi ya moto, na hapo ukate kwa wembe. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya mnyororo na gurudumu, ukiuvuta kushoto na kulia kama msumeno. Mnyororo ukikataa kabisa kuachia, utoe kafara: ukate vipande vifupi kati ya gurudumu na gurudumu, utoe kimoja kimoja. Mnyororo unanunulika tena, magurudumu ya mzee hayanunuliki. Wapo wanaokitia kifaru kwenye friza saa moja ili vinili ikakamae na kuachia. Inafanya kazi, nami nimeitumia, ila gundi ya zamani huweza kuachia kwa baridi na vitu vidogo kama mashoka na bunduki ya juu ya mnara vikadondoka, kwa hiyo kifunge kwenye mfuko ili kitakachodondoka kisipotee.

Minyororo ikishatoka, usijaze mashimo siku hiyohiyo. Ile plastiki bado ina kilainishi ndani, na puti haitashika vizuri. Acha kifaru wiki kadhaa mahali penye hewa, kisha jaribu kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikiwa imekauka, jaza puti, piga msasa laini, malizia kwa rangi. Ikiwa bado inanata, hiyo sehemu ikwangue. Na hapa niseme la moyoni: gurudumu lililoumwa chini halionekani kifaru kikiwa kimesimama juu ya mnyororo mpya. Nusu ya kazi unayoifikiria huenda usiihitaji.

Kwa minyororo mipya una njia tatu. Ipo ya vipande vya polistirini vya kuunga kimoja kimoja, hiyo haina kilainishi na haitarudia balaa, lakini inataka subira ya mtu anayechambua mchele usiku kucha. Ipo ya chuma, inalala kwa uzito wake vizuri sana, ila kwa kifaru cha zamani chenye mihimili dhaifu ni mzigo. Na ipo ya kuchapishwa kwa mashine za pande tatu, bei na ubora vinatofautiana. Mimi ningeanza na ya vipande, kwa vile vifaru viwili au vitatu unavyovipenda zaidi. Vilivyobaki viache bila minyororo kwa sasa, na ile iliyotoka ikiwa nzima ihifadhi kwenye mfuko wa peke yake wenye jina la kifaru chake. Vile ambavyo minyororo haijaanza kuuma, itoe leo. Usingoje.

Kuhusu kufuta vumbi: brashi laini ya vipodozi na pampu ndogo ya kupuliza hewa zinatosha. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, inayeyusha polistirini ukiitazama. Spiriti nayo hubeba rangi nyingi za maji zilizokauka. Niliwahi kufuta tope kwenye kifaru cha mtu kwa spiriti, kumbe tope lenyewe lilikuwa limechorwa kwa makusudi na mwenye nacho, kazi ya jioni tatu. Baba yako kama alikuwa mtu wa kuandika tarehe, basi yaelekea na kutu unayoiona aliipaka.

Hapo ndipo ninapompinga huyo rafiki wa rangi mpya. Vifaru vya chuma vya kiwandani vinathaminiwa kwa rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imechubuka, na boksi lake likiwepo thamani inapanda zaidi. Ukikipiga rangi umekipunguzia. Vya plastiki vilivyokwisha kuungwa sokoni havina bei kubwa, isipokuwa kazi ni ya kiwango cha juu mno, na rangi yako juu ya rangi yake haitaongeza kitu. Zaidi ya hapo, rangi nene huziba michoro midogo na huwa ngumu kuitoa. Tazama kama kuna maboksi ambayo hayajaunganishwa. Hayo ndiyo wakusanyaji huyatafuta.

Ukitaka kuviorodhesha na hujui uwiano wa kila kimoja, chukua rula. Tiger I halisi, kifaru cha Kijerumani, ilikuwa na urefu wa mita 8.45 pamoja na mzinga, kwa hiyo mfano wake ukiwa sentimita 24 ni 1/35, ukiwa karibu 17 na nusu ni 1/48, na ukiwa chini kidogo ya 12 ni 1/72. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa kifaru chochote unachokijua jina.

Kabati sasa. Kwa plastiki si baya sana likiwa linapitisha hewa, mradi jua lisilipige. Kwa chuma lihame. Rafu ya chuma na kioo ni bora, na vifuko vya kunyonya unyevu uvibadilishe vinapojaa. Cha risasi kisirudi humo kamwe. Ukikikuta kimeota unga kidogo tu, mhifadhi wa vitu vya makumbusho anaweza kukisafisha na kukituliza. Mwandikie kwanza, umtumie picha, usikibebe mfukoni. Mtu huyohuyo ndiye wa kumwonyesha vile viwili vya zinki ukishindwa kujua kama ni nyufa za chuma au za rangi tu. Fundi wa vifaru vya plastiki, kama mimi, asikudanganye kwamba anaweza kuvitibu.

Na ile penseli ya mzee: kabla hujafuta, hujaloweka wala hujapeleka kifaru kwa mtu yeyote, kigeuze tumbo juu, weka taa ubavuni ili mwanga upite chinichini, upige picha ya mwandiko. Penseli juu ya plastiki haijashika popote, kidole chenye unyevu kinaiondoa mara moja. Halafu zipange picha hizo kwa tarehe. Utaona alianza na kipi.